Makohozi ya Kuazima

Kohozi zuri halipendezi. Naanza na hilo kwa sababu kila kijana niliyemfundisha kazi ya maabara alikunja uso siku ya kwanza, na kila aliyekunja uso aliishia kuniletea mate. Mate ni mepesi, yanateleza kwenye kikopo, na hayana habari yoyote ya kifuani. Kohozi lenyewe ni zito, lina rangi ya njano chafu, linang'ang'ania kijiti. Ukiliona hivyo, funga mdomo wako, shukuru, endelea na kazi.

Nilisoma makohozi hapa Mwanza tangu nikiwa na nywele nyeusi hadi nilipostaafu, miaka mingi katika kliniki moja ya serikali ambayo sitaitaja. Nina kosa la kueleza, na kosa hilo ni langu, si la jengo.

Ninyi leo mna mashine. Mnatia kohozi, mnafunga kifuniko, mnakwenda kunywa chai, mkirudi jibu liko tayari. Mgonjwa wa kifua kikuu anapimwa damu siku hiyo hiyo, na akikutwa na virusi vya UKIMWI anaanzishiwa dawa, baada ya muda unamkuta shambani analima. Sisi, miaka ile ya tisini, tulikuwa na hadubini moja iliyochukua mwanga wa jua kwa kioo kidogo cha chini. Likitanda wingu zito kutoka ziwani, wagonjwa walisubiri lipite. Dawa za kifua zilikuwepo, tena bure, hata baada ya kutangaziwa kwamba kila mtu sasa achangie matibabu yake. Dawa za virusi tulizisikia redioni tu. Huku kwetu mtu akisemwa ameukwaa, watu walianza kumzungumzia kama aliyekwisha kufa, hata kama amekaa hapo anakula ugali.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bwire, Mjita mmoja mfupi mwenye maneno makali. Alinisimamia nikiwa naipasha moto rangi nyekundu juu ya slaidi. "Mvuke ukitoka, ondoa moto," alisema. "Ikichemka, umepika mchuzi, uule wewe." Baada ya nyekundu unamwaga asidi, halafu rangi ya bluu, halafu tone la mafuta, unainama. Kama mgonjwa ana kifua kikuu, utaona vijidudu vyake, vijiti vyekundu vyembamba kwenye uwanja wa bluu. Unasoma sehemu mia moja za slaidi kabla hujathubutu kuandika hasi. Mzee Bwire alikuwa na tabia ya kuniwekea slaidi ileile mara mbili kwa namba tofauti, aone kama nasoma au nakisia. Mara ya kwanza nilinaswa. Alinicheka wiki nzima, na kila mgeni aliyeingia maabara alisimuliwa.

Kingine alichonifundisha ni kusimama na mgonjwa. "Mtoe nje," alisema, "mgeuze atazame upepo unakokwenda, wewe simama nyuma yake, akohoe mbele ya macho yako. Kikopo kisiende nyumbani peke yake." Kohozi la asubuhi tu ndilo lililotoka nyumbani. Mengine mawili, kati ya matatu yaliyotakiwa, mgonjwa aliyatoa palepale kliniki.

Mzee Bwire alistaafu, nami nikabaki na woga wangu.

Niwaambie ukweli, nilikuwa mwoga sana. Wagonjwa wa kifua walikuwa wameongezeka kuliko nilivyowahi kuona, na wengi walikuwa wamekonda kwa namna ambayo sote tuliijua na hatukuitaja. Nyumbani nilikuwa na mke na Neema wangu mdogo. Nilikuwa nikifika navua shati uani kabla sijamshika mtoto. Mafua yakinipata, nililala macho wazi nikisikiliza kifua changu. Mara tatu nilipaka slaidi ya kohozi langu mwenyewe kwa siri, nikaandika jina la uongo, Petro, nikaisoma sehemu mia mbili. Petro alikuwa hasi kila mara, na kila mara nilipata nafuu ya siku nne tu. Baadaye nilikuja kujua kwamba karibu wenzangu wote wa maabara walikuwa na Petro wao.

Kwa woga huo nikaacha kusimama nyuma ya wagonjwa. Nikaanza kuwapa vikopo vyote vitatu waende navyo nyumbani. Niliwaambia ni kwa faida yao, eti watakohoa kwa uhuru. Mtu hakosi sababu akiitafuta.

Ndipo akaja Kabula.

Alikuwa mama wa miaka thelathini na kidogo, anafanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara. Mnakumbuka, au mmesimuliwa, jinsi viwanda vile vilivyoota ufukweni soko lilipofunguliwa, wanawake wakasimama mchana kutwa kwenye baridi ya barafu wakichuna samaki wa kupelekwa Ulaya. Msimamizi wake alimsikia akikohoa, akampa barua: alete jibu la makohozi, la sivyo asirudi. Kitenge kilimzunguka mara mbili. Begani alikuwa na kovu la mkanda wa jeshi, malengelenge ambayo siku zile yalitutia shaka ya virusi, na mumewe, dereva wa lori, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilisoma yote hayo kabla hajakaa kwenye benchi, nikamsukumia vikopo vyake haraka haraka.

"Daktari, kikohozi changu ni kikavu," alisema. Kila mtu alituita madaktari. "Hakitoi kitu."

"Jitahidi asubuhi, ukiamka."

Alivileta vyote vitatu vimejaa. Makohozi mazuri, mazito, mazuri kwa maana niliyowaambia. Yalikuwa na chembechembe nyeusi za masizi, nikaziona, nikasema moyoni labda anapikia kuni, nikapaka. Sikuhitaji kufika sehemu ya kumi. Vijiti vyekundu vilikuwa vimejazana.

Nilipompa jibu, Kabula alinitazama kwa mshangao mkubwa. "Hiyo haiwezi kuwa," alisema.

"Wote mnasema hivyo, mama."

"Daktari, angalia tena."

"Nimeangalia mara tatu. Unaumwa kifua kikuu. Dawa zipo, ni bure, utapona."

Alifungua mdomo kutaka kusema neno, akaufunga. Nimeurudia ule mdomo kichwani mwangu mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kiwandani wakamweka pembeni. Kliniki akaandikishwa kwa Sista Jeni, muuguzi wetu wa kifua kikuu, Mhaya mrefu ambaye hakuna mgonjwa aliyemdanganya akafanikiwa. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa alikuja kila siku kumeza dawa mbele yake. Sista aliwafungulisha kinywa, akawainulisha ulimi. Kuna mzee mmoja alikuwa akificha vidonge kwenye pengo la jino. Sista alivitoa kwa kijiko. Daktari wetu naye alimpeleka Kabula kupimwa damu, na ikathibitika kwamba ana virusi. Alipokea habari ile kama mtu aliyekuwa anajua. Akaendelea kuja kila asubuhi kwa miguu kutoka Buzuruga.

Na alinenepa! Kikohozi kikakoma, mashavu yakarudi, akaanza kutania watu kwenye foleni. Sista Jeni alimwonyesha kwa wagonjwa wapya. Mwisho wa mwezi wa pili, kama ilivyo desturi, nikampa kikopo kwa ajili ya kuhakikisha kwamba vijidudu vimekwisha. Kikopo kikaenda nyumbani. Kiliporudi nikapaka, nikainama kwenye hadubini.

Vijiti vilikuwa vingi kuliko mwanzo.

Nilifikiri jambo baya kuliko yote, ugonjwa sugu, wadudu waliozoea dawa. Kama ameukwaa na kifua chake hakisikii dawa, basi ametembea miezi miwili akiumwagia mji mzima ugonjwa. Nikamfuata Sista Jeni, na mtu mwenye hofu huongea vibaya.

"Huyu mgonjwa wako hamezi dawa," nikamwambia.

Sista aliinuka. Alitoka, akamwita Kabula, akampa chupa, akamwelekeza chooni. Dakika tano baadaye alikuja maabara akaniwekea chupa ya mkojo mezani, karibu na chai yangu.

"Baba Neema, hii rangi gani?"

Ule mkojo ulikuwa na rangi ya chungwa lililoiva. Ile dawa nyekundu ya kifua kikuu inapaka mkojo rangi, hakuna namna ya kuidanganya.

"Mimi wangu anameza," alisema Sista. "Wewe wako unasoma nini humo?"

Akatoka. Nikabaki na chupa, na chai ambayo sikuimaliza. Kwa kweli nilikasirika, nikarudi kwenye kile kikopo nimtafutie Sista kosa. Ndipo nikayaona masizi tena. Safari hii sikuyapita. Nilikielekeza kikopo kwenye mwanga nikajiuliza: mwanamke aliyesimama mwaka mzima kwenye barafu, na miezi miwili hii amekaa bila kazi, moshi huu anaupata wapi?

Nikamwita Kabula nje, nyuma ya jengo, kwenye upepo.

"Nyumbani unapikia nini?"

"Sipiki, daktari. Napika wapi na chumba kimoja? Anayepika ni mdogo wangu. Anakaanga mapanki kule nyuma ya kiwanda, jioni analeta tunakula."

Mapanki ni mifupa ya sangara na vichwa, kilichobaki minofu ikishasafiri. Wanawake waliyakaanga ufukweni kwenye makarai makubwa, kwa kuni na chochote kinachowaka, wamezingirwa na moshi tangu asubuhi.

"Mdogo wako anakohoa?"

"Moshi tu ule. Wote wa pale wanakohoa."

Nikakiinua kile kikopo nilichotoka nacho maabara. Nikaona machozi yanamtoka.

"Kabula. Hiki kikopo ni cha nani?"

Alieleza yote akiwa ametazama chini. Kikohozi chake kilikuwa kikavu kweli, nami nilimwambia ajitahidi. Akaogopa kupoteza kazi. Usiku alipojilaza aliwaza: Minza, mdogo wake wa tumbo moja, ni mnene, ana nguvu, anacheka mchana kutwa, na kila asubuhi anatoa makohozi ya moshi. Makohozi ya mtu mwenye afya hivyo yatakuwa safi. Akamwomba, Minza akacheka akamjazia vikopo vyote vitatu.

"Sasa nilipokuambia unaumwa?"

"Nikajua mmenitazama nilivyokonda mkaandika tu. Nami kweli nilikuwa naumwa, daktari. Nikasema basi, Mungu kapitisha dawa kwa njia yake."

Na mwisho wa mwezi wa pili, kikohozi kimekoma kabisa, hana cha kutoa, anataka barua ya kurudi kazini. Akamwomba Minza tena.

Vijana, mimi sikuweza kumgombeza. Mtu mwenye Petro wake atamgombeza nani? Isitoshe, kama ningesimama nyuma yake siku ya kwanza kama nilivyofundishwa, asingeazima kitu. Nilimwambia akohoe palepale, mbele yangu, nikampa maji ya uvuguvugu, nikampigapiga mgongoni. Baada ya nusu saa alitoa kidogo. Halafu tukaenda kumtafuta Minza, mimi, Kabula na Sista Jeni, ambaye nilimwomba msamaha njiani naye akanijibu "tembea".

Minza tulimkuta amekaa mbele ya karai, kitambaa usoni, anapindua vichwa vya samaki kwa upawa mrefu. Binti yake wa miaka mitano alikuwa ameketi karibu naye juu ya ndoo. Minza alikuwa mnene kweli, lakini mimi nilitazama shingo. Mifupa ya mabega ilikuwa imeanza kuonekana, na ule mng'ao wa usoni niliodhani ni mafuta ya karai ulikuwa jasho.

"Shikamoo daktari, shikamoo sista. Karibuni mapanki!"

"Marahaba. Minza, tumekuja kukuchukua. Yale makohozi uliyompa dada yako yana kifua kikuu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Ya moshi hayo! Njoo ukae hapa wewe siku mbili, nawe utayatoa."

"Moshi hauna vijidudu," alisema Sista Jeni. "Twende."

"Leo kiwanda kimetoa mzigo mkubwa, sista. Vikioza hivi nitakula nini? Nitakuja Jumatatu."

Tulibembeleza, Kabula akapiga magoti kwenye mchanga. Minza akaona aibu mbele ya wenzake, akakasirika. Jumatatu hakuja. Alhamisi Kabula alimleta akimshika mkono. Tulimwanzishia dawa siku hiyohiyo, na yule binti naye Sista akampa vidonge vya kumkinga. Nilihesabu miezi miwili iliyopita, siku kwa siku, ambapo dawa zilizoandikwa kwa kohozi la Minza zilimezwa na mtu mwingine mbele ya macho yetu, na ulimi ukainuliwa.

Siku zile nilikuwa silali. Nilikuwa nikisikia hatua mlangoni kliniki, nainua kichwa nione kama ni Minza. Akifika na kumeza, napumua. Asipofika hadi saa tano, nashindwa kushika slaidi. Aliendelea kukaanga mchana, hatukuweza kumzuia. Siku ya kumi na moja ya dawa zake alikohoa damu pale kwenye karai, nyingi, haikusimama. Walitafuta gari. Lilipopatikana halikuwa na haja tena ya kwenda hospitali.

Nilikwenda msibani na sikujua pa kuweka mikono yangu.

Kabula yupo hadi leo. Najua mnataka kujua, basi nawaambia mapema. Zile dawa za virusi zilipofika Mwanza, miaka kadhaa baadaye, alikuwa mmoja wa wa kwanza kwenye foleni. Amemlea binti wa Minza, ambaye sasa ana watoto wake. Nikikutana naye sokoni tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani, na kila mara nasubiri aniulize swali moja tena. Hajauliza.

Aliliuliza mara moja tu, siku ya nne baada ya mazishi. Dawa zake za kumeza kila siku mbele ya Sista zilikuwa zimeongezwa mwezi mmoja kwa sababu ya lile kohozi la pili, nasi tuliona afadhali aendelee. Asubuhi hiyo Sista Jeni alimtilia maji kwenye kikombe, akamwekea vidonge kiganjani. Kabula alivitazama, akavirudisha mezani kimoja kimoja.

"Hizi ni za Minza," alisema.

"Kabula, meza mama," Sista alimwambia. "Una mtoto wa kulea."

"Simezi." Akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni. "Daktari. Kile kikopo nilichotoa mbele yako. Changu mwenyewe. Kilikuwa na nini?"

Nilikuwa nimekwepa kumpa jibu lile tangu Minza aanze dawa. Kila alipoulizia kama jibu limetoka nilisema bado, jua halijatosha. Lakini nilikuwa nimelisoma. Nilisoma sehemu mia tatu, nikafumba macho, nikasoma tena. Hapakuwa na kijiti hata kimoja. Sasa, hilo lina maana gani? Mtu mwenye virusi mara nyingi huwa na kifua kikuu lakini makohozi yake yasionyeshe kitu, hilo tulishaanza kulijua. Na kama alikuwa na vijidudu vya kifua kikuu, dawa za miezi miwili zingekuwa zimeshawaua. Au hakuwahi kuwa na kifua kikuu hata siku moja. Picha ya kifua hatukumpiga mwanzoni, maana kohozi lilionekana limetosha. Hakuna mtu duniani aliyeweza kujua, na mimi ndiye niliyeifanya isijulikane.

"Nataka kujua jambo moja," Kabula alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Nilikuwa naumwa, au nilikula dawa za mdogo wangu bure?"

Sista Jeni alinitazama. Yeye alilijua jibu langu, nilikuwa nimemwonyesha daftari.

"Ulikuwa unaumwa," nikasema.

"Uliona?"

"Niliona."

"Kwa macho yako? Kwenye hadubini?"

"Kwa macho yangu, Kabula. Vijidudu vilikuwepo."

Aliigeukia meza. Halafu akanyoosha mkono, akaviokota vidonge, akameza, akanywa maji, akafungua kinywa na kuinua ulimi bila kuambiwa.